Video ya Harusi Inayofunguka Kila Nyumba

Ni video chache zinazotazamwa katika mazingira magumu kama video ya harusi. Filamu ya sinema ina ukumbi wake na mashine yake. Tamthilia ina king'amuzi chake. Harusi niliyopiga Jumamosi hapa Tanga inatakiwa ifunguke kwenye luninga ya baba wa bwana harusi iliyonunuliwa zamani, kwenye deki ya shangazi kule Lushoto, kwenye iPhone ya bibi harusi, kwenye kompyuta mpakato ya katibu wa kamati, na kwenye simu ya kaka aliyeko Muscat ambaye kazini hakupata ruhusa. Wote wamechanga, wote wanaisubiri. Na mimi ndiye ninayepaswa kujua ndani ya kila kifaa kuna nini.

Kazi hii ya kupiga na kuhariri video za shughuli niliianza enzi za kaseti, na imani niliyofikia ni kwamba video ifunguke kwanza kwa shangazi wa Lushoto, ndipo tuanze kubishana kuhusu ukali wa picha. Vijana wanaonijia kujifunza huanzia upande wa pili. Wamesikia kuna fomati mpya inayobana zaidi, na wanataka kuitumia kesho asubuhi. Huwa nawarudisha nyuma kidogo, maana fomati za zamani zilionyesha wazi kitu ambacho za leo zinakificha.

Wakati ule tulikuwa tunapiga kwenye kaseti ndogo za MiniDV na kumkabidhi mteja VCD. VCD ilitoka mwaka 1993, na ndani yake mna video iliyobanwa kwa njia ya MPEG-1: picha ya pikseli 352 kwa 288, inayopewa kama biti (chembe za taarifa) milioni 1.15 tu kwa kila sekunde. Diski moja ilibeba dakika 74, au 80 kwa zile za MB 700, kwa hiyo harusi ya saa tatu ilikuwa diski tatu ndani ya kasha moja. Udogo wa picha haukuwa tatizo kubwa, kwa sababu luninga za chogo zilisamehe mengi. Tatizo lilijitokeza kwenye shangwe.

MPEG-1, kama ndugu zake wote waliokuja baadaye, huhifadhi picha nzima mara chachechache, halafu katikati huandika kile tu kilichobadilika. Shehe au mchungaji akisimama kutoa nasaha, kinachobadilika ni mdomo na mikono, na biti zinatosha kabisa. Lakini kina mama wakiinuka na vigelegele, kanga zinazunguka, kila kanga ina maua na maandishi na pindo, watu wote wanasogea kila mtu upande wake, taa za kamera zinamulika. Hapo karibu kila pikseli imebadilika kwa mpigo na biti za sekunde ile zimeshakwisha. Picha inavunjika vijisanduku. Yaani dakika ambayo familia itairudia miaka yote ndiyo iliyokuwa mbaya kuliko zote.

Tangu hapo sijawahi kupima fomati yoyote kwa kipande cha hotuba. Napima kwa shangwe.

DVD iliposhuka bei ilituokoa kwa sehemu kubwa. MPEG-2 yake ilikuwa na pikseli 720 kwa 576 katika mfumo wetu wa luninga wa PAL, na iliruhusu video hadi biti milioni 9.8 kwa sekunde. Kwenye diski ya GB 4.7 harusi ya saa mbili ilikaa vizuri na kanga zikasomeka. Kisha zikaja deki zenye nembo ya DivX, zinazocheza mafaili ya AVI kutoka kwenye diski ya kawaida au kwenye tundu la flashi, na hapo ndipo balaa la mafaili yasiyofunguka lilipoanza kwa kweli. VCD na DVD zilikuwa na sheria kali: ukizifuata, deki yoyote inacheza. AVI haikuwa na sheria hizo. Ulikuwa unaweza kutengeneza faili safi kabisa kwa Xvid, programu ya kubana video,, likacheza kwenye kompyuta bila shida, kisha likagoma kwenye deki kwa sababu tu mtengenezaji aliwasha chaguo linaloitwa Qpel au GMC ambalo chipu za deki nyingi hazikuliweza. Jina la faili lilikuwa lilelile, picha ilikuwa nzuri, na deki ikakataa.

Hili ndilo jambo linalowasumbua wateja wengi hadi leo, na huwa nalieleza kwa chupa. Ukiona chupa ya soda dukani, huwezi kuapa kwamba ndani mna soda. Wengi wetu tumetumwa kununua mafuta ya taa kwa chupa hizohizo. MP4, MKV, AVI na MOV ni chupa. Kilichomo ndani ni kodeki, yaani njia iliyotumika kuibana video: H.264, HEVC, MPEG-4 ya kina Xvid, au nyingine. Na sauti nayo ina kodeki yake pembeni. Mtu akiniambia "nimempa MP4 lakini haifunguki," bado hajaniambia kitu chochote kuhusu video yenyewe.

Mama mmoja alinipigia simu kuhusu flashi aliyopewa na kijana aliyewapigia picha za droni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hii flashi inaongea lakini haionyeshi. Tunasikia vigelegele, hatuoni mtu."

Nilimwomba amtume mjukuu aniletee. Ndani mlikuwa na MKV, sauti yake AAC, video yake HEVC. Luninga ya nyumbani ilikuwa ya kabla HEVC haijaenea, ikaitambua sauti na kuiacha picha. Siku nyingine inakuwa kinyume chake: picha inatembea vizuri, luninga inaandika kwamba fomati ya sauti haitumiki. Hapo mara nyingi sauti ni DTS, au ni ile sauti ghafi isiyobanwa ambayo kamera nyingi za kisasa hurekodi. Kuna na kesi ya tatu inayochanganya zaidi: video ni H.264 kweli, ila ilitoka kwenye kamera ikiwa na biti 10 za kuelezea kila rangi, na rangi za 4:2:2, yaani zilizohifadhiwa kwa undani zaidi. Jina ni lilelile, lakini chipu ya luninga imejengwa kwa biti 8 na 4:2:0, basi. Ndiyo maana simpi mteja faili lililotoka kwenye kamera moja kwa moja hata akinisihi vipi. Ninamtengenezea la kutazama, na lile la kamera nalihifadhi.

Kwa kukabidhi, mkono wangu bado uko kwenye H.264. Ilitoka mwaka 2003, na kwa sababu ilipokelewa na simu, ving'amuzi, kamera, luninga na intaneti kwa pamoja, leo ni shida kupata kifaa kinachoonyesha video kisichoijua. Lakini hata ndani yake kuna wasifu na ngazi, yaani viwango vya kile ambacho kifaa kinaweza kukifungua. Mimi huiweka kwenye wasifu wa High, ngazi 4.1, biti 8, pikseli 1920 kwa 1080, fremu 25 kwa sekunde, sauti AAC ya stereo. Hizo fremu 25 zina sababu. Ngazi 4.1 inafikia fremu 30 tu kwa picha ya ukubwa huo. Ukikabidhi 50 unahitaji ngazi 4.2, na luninga za zamani huanza kukwamakwama. Vijana wanapenda 50 kwa ulaini wake wakati wa kucheza muziki. Ni kweli inapendeza. Ila luninga ikikwama, ulaini wote umepotea.

Sasa niseme kuhusu HEVC, maana hapa ndipo mabishano yanapokuwa makali. Ilikamilika mwaka 2013 ikiwa na lengo la kutoa ubora uleule wa H.264 kwa karibu nusu ya biti. Nilichukua kipande kimoja cha shangwe, kanga tupu na taa zinazowakawaka, nikakitoa kwa kodeki zote mbili kwa ukubwa unaolingana, nikawawekea jamaa zangu sebuleni bila kuwaambia ipi ni ipi. Kwenye biti milioni 2 kwa sekunde hawakubishana: H.264 ilikuwa inapakazika, HEVC ilibaki na sura za watu. Kwenye biti milioni 8 walikaa kwenye kochi, wakatazama, wakarudia, na hakuna aliyeweza kuzitenganisha. Kwa hiyo HEVC ina faida ya kweli pale unapobanwa na ukubwa. Flashi ya GB 16 hainibani. Kinachonibana ni luninga ya mzee, na uniti za LUKU, kwa sababu kompyuta yangu inachukua muda mara kadhaa zaidi kutengeneza HEVC kwa programu ya x265 kuliko H.264 kwa x264. Kadi ya picha inaweza kuharakisha, ila kwa ukubwa uleule wa faili picha yake huwa chini ya ile iliyotengenezwa taratibu.

Na yeyote anayelinganisha kodeki hizi asidanganywe na namba ya CRF. Ile namba ya ubora inayoanzia 0 hadi 51 (ikishuka, ubora unapanda) haina maana moja katika programu zote. Chaguo la kawaida la x264 ni 23, la x265 ni 28, na ukiweka 23 kote kisha ukashangaa kwamba faili la HEVC halikupungua kama ulivyotarajia, umelinganisha vitu viwili visivyolingana. Linganisha ukubwa kwa ukubwa, au linganisha kwa macho.

Kuna jambo moja ninaliona kubwa kuliko mabishano yote ya kodeki, na sielewi kwa nini halizungumzwi zaidi na sisi tunaopiga picha huku. Ni nyuso zetu gizani.

Kumbi zetu usiku zina taa za bluu na zambarau, moshi jukwaani, na meza za nyuma ambazo hazimulikwi na chochote. Programu za kubana video zimejengwa juu ya namna jicho linavyoona, na mahali penye giza hupewa biti chache kwa kudhani mtazamaji hatagundua. Sasa weka pale mzee mweusi, suti nyeusi, meza ya nyuma, anatabasamu. Programu inamchukulia kama sehemu ya ukuta. Mikunjo ya tabasamu inafutika, ndevu zinageuka doa, shavu linakuwa laini kama limepakwa rangi, na ukuta nyuma yake unafanya mistari ya vivuli badala ya kufifia taratibu. Kwenye skrini ya kompyuta iliyowekwa chini ya mwanga mkali huwezi kuona. Mteja akiweka sebuleni usiku, ameona. Na yule mzee pengine ni babu yake ambaye hatapigwa picha nyingine ya video.

Sikubali mashine iamue kwamba uso wa babu ndio mahali pa kubania matumizi. Na dawa ipo, haihitaji hata kompyuta mpya. x264 ina mpangilio unaoitwa aq-mode, unaosimamia jinsi biti zinavyogawiwa ndani ya fremu moja. Ukiacha ulivyo, ni 1. Ukiweka 3, programu inaanza kupendelea sehemu za giza. Kwenye HandBrake, programu ya kubana video, unaandika aq-mode=3 katika kisanduku cha chaguo za ziada, chini ya mipangilio ya video, basi. Faili linaongezeka kidogo. Mimi naliweka pamoja na CRF ya 18 au 19 na kasi ya polepole, na kwa harusi za usiku tofauti inaonekana kwenye nyuso mara moja. Mistari ya vivuli ukutani haiondoki yote, kwa sababu biti 8 zina kikomo chake. Hapo ndipo biti 10 zingesaidia, na hapo ndipo luninga ya shangazi inapotukatalia. Nalikabili kwa kuacha chembechembe za kamera zibaki kidogo badala ya kuzisafisha zote. Zile chembe huficha mistari.

Simu za wageni zimeleta mambo yake. Karibu kila familia sasa inaniletea vipande walivyopiga wenyewe ili niviunganishe, na iPhone kuanzia ya 7, tangu mfumo wa iOS 11 wa mwaka 2017, hurekodi HEVC isipokuwa mwenyewe ameenda kwenye mipangilio ya kamera na kuchagua fomati inayokubalika zaidi. Kuanzia iPhone 12 kuna pia HDR, yaani picha yenye upana mkubwa zaidi wa mwanga na giza, ambayo ikiingizwa ovyo kwenye kazi ya kawaida hufanya shela la bibi harusi liungue weupe. Lakini kinachokula muda zaidi ni kasi ya fremu. Simu hazirekodi fremu kwa mwendo mmoja. Hupunguza na kuongeza kulingana na mwanga. Ukizitupa video zake hivyohivyo kwenye programu ya kuhariri, baada ya dakika kadhaa mdomo unaenda kwake na sauti inaenda kwake. Ninazipitisha kwanza kwenye programu ya FFmpeg zipate mwendo mmoja wa fremu, ndipo naziingiza.

Flashi nayo ina sheria zake. Flashi iliyofomatiwa FAT32 inasomwa na karibu kila luninga, deki na sabufa, lakini haikubali faili linalofika GB 4. Ile ya exFAT inakubali mafaili makubwa, ila luninga nyingi za zamani huiona kana kwamba haina kitu. Harusi ya saa tatu kwa biti milioni 8 kwa sekunde inakaribia GB 11. Ninaikata vipande visivyozidi saa moja, kila kimoja kikiwa karibu GB 3.7 pamoja na sauti, na ninakata panapokata shughuli yenyewe: ndoa, mapokezi, keki na zawadi, muziki. Watu wamezipenda zaidi hivyo. Bibi anayetaka kuona ndoa tu hahangaiki na rimoti.

Kwa kaka wa Muscat njia ni nyingine kabisa. WhatsApp ikipokea video kama video, huibana upya, na kazi yote ya nyuso gizani inakwenda na maji. Ikitumwa kama dokumenti inafika ilivyo, na tangu mwaka 2022 faili linaweza kufika GB 2. Lakini bando la mtu ni mali yake, kwa hiyo namtengenezea kipande kifupi cha pikseli 1280 kwa 720, H.264 vilevile, na nawasha chaguo la kulifanya lianze kucheza kabla halijashuka lote. Kwenye MP4 kuna orodha inayomwambia mchezaji kila fremu iko wapi; mara nyingi huandikwa mwishoni mwa faili, na ukiihamishia mwanzoni, mtu akifungua kiungo cha intaneti picha inaanza mapema bila kusubiri MB zote zishuke.

Wapo wanaoniuliza kuhusu AV1. Ninaifurahia kwa dhati. Ilitolewa mwaka 2018 na muungano wa kampuni uliokusudia kodeki isiyolipiwa ada, tofauti na HEVC ambayo hati zake miliki zimegawanyika kwa makundi mbalimbali hadi Windows ikawa inauza kiongezi cha kuifungulia. YouTube tayari inaitumia, na iPhone 15 Pro ya mwaka 2023 ndiyo iPhone ya kwanza kuwa na chipu ya kuifungua. Ndani ya simu inaniletea video nzuri kwa bando dogo. Ndani ya flashi ya harusi bado sijaiweka, na sitaiweka hadi luninga zinazouzwa kwa mkono wa pili barabara ya kumi na mbili hapa Tanga ziwe zinaijua.

Kuna wanaoleta VCD za zamani wakitaka ziwe HD. Huwa nawaeleza kwa upole kwamba pikseli 352 hazizai pikseli 1920. Programu itavuta na kukisia, na kila kubana upya kunaondoa kingine. Kama mtu bado ana kaseti ya MiniDV, hapo kuna kitu cha kufanya, kwa sababu kaseti ile ina biti milioni 25 kwa sekunde, kama GB 13 kwa saa, na picha ya 576 iliyo kamili. Inahitaji tu kuunganishwa vizuri zile nusu-fremu zake ili mistari kama ya kitana isionekane kwenye luninga bapa. Kama kilichobaki ni VCD peke yake, ninaichukua ilivyo. Ndani ya diski kuna folda ya MPEGAV yenye mafaili ya DAT, na MPEG-1 iliyomo inaweza kuhamishiwa kwenye chupa ya MPG bila kubanwa tena, bila kupoteza hata pikseli moja. Programu ya VLC itaicheza, na luninga nyingi pia.

Hizo VCD tulizichoma kwenye diski za bei rahisi, na uso wake wa juu sasa unabanduka. Ukiwa nazo kabatini, za harusi ya wazazi au maulidi ya mtaani kwenu, tafuta kompyuta yenye tundu la diski mwezi huu na unakili hayo mafaili ya DAT. Diski ikianza kusoma kwa kukwaruza, usiendelee kuilazimisha kwenye deki. Jaribu kuinakili kwenye kompyuta nyingine, maana visomaji havilingani, na kimoja huweza kusoma kilichomshinda mwenzake.